Mlango Uliopanda Jukwaani

Tarehe 8 Januari

Kiraka mdogo wangu,

Pokea salamu, wewe na wifi yangu na hao watoto wenu wanaokula kama wanajenga barabara. Mimi nipo, nasukuma siku. Mafua ya huku hayana adabu, yanaingia bila hodi na hayaondoki mpaka yafukuzwe.

Ukurasa huu msomee Mama, polepole, usikimbie kama ulivyokuwa ukisoma shuleni. Mama, shikamoo. Najua unapenda barua kuliko simu kwa sababu simu huwezi kuiweka chini ya mto. Basi na hii iweke. Goti vipi? Umekubali kwenda hospitali, au bado unalidanganya kwa maji ya moto? Nakuwaza kila nikisimama kwenye hili jiko langu la kupanga, ambalo ukitaka kugeuka na sufuria lazima kwanza uombe njia.

Sasa sikia jambo lenyewe. Nimeamua kuijenga upya nyumba yako, Mama. Jiko, korido na chumba cha mbele. Nitaleta mafundi kabla ya mvua kubwa. Hutachota tena maji ya mvua kwa sufuria ya chai. Lakini mafundi wa huku hawaelewi maneno, wanaelewa vipimo. Kwa hiyo Kiraka atanipimia kila kitu: kuta, meza, rafu, dirisha, fremu za milango. Akwangue na rangi kidogo ya kila ukuta, aifunge kwenye karatasi. Na ule mlango wa buluu wa jikoni, ule Baba alioutengeneza kwa mbao za makreti, aung'oe anitumie kwa lori. Nataka mafundi wauone kwa macho yao ili watengeneze mwingine unaofanana nao. Nitaurudisha, msihofu.

Kiraka, huu ukurasa wa pili ni wako peke yako. Kazini wamenipa mchezo mkubwa wa nyimbo, na kwa mara ya kwanza jukwaa zima ni langu, kuanzia sakafu mpaka dari. Mama anaiita kazi yangu kujenga nyumba za uongo, nami sibishani naye, lakini mwaka huu hiyo nyumba ya uongo itanitoa au itanizika. Kwa hiyo nina haraka. Vipimo nivipate mwezi huu huu, na usiniulize maswali mengi.

Dada yako,
Chaki


Tarehe 29 Januari

Dada Chaki,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa ile cherehani ya pili, imeamua kustaafu kabla yangu. Wifi yako anakusalimu na anasema mafua ni ya mtu asiyekula, kwa hiyo kula. Watoto wanauliza shangazi yao atakuja lini. Nimewaambia utakuja na mafundi.

Barua yako nimemsomea Mama mara tatu kwa siku, kama dawa. Mara ya kwanza aliweka sufuria chini. Ya pili akasema, "Rudia hapo kwenye mafundi." Ya tatu nilisoma nikimfuata, kwa maana alikuwa ameshaanza kuhamisha masufuria. Dada, Mama ameimba. Sijamsikia akiimba tangu tumzike Baba, na nilikuwa nimesahau kwamba hajui kuimba.

Tulipima pamoja. Nilitumia futi yangu ya kupimia nguo, maana ndiyo iliyo shingoni mwangu tangu niache shule. Mama alishika ncha moja na mimi nyingine, akawa ananikaripia: "Vuta, mwanangu! Unapima ukuta au unapima bibi harusi?" Nami unanijua, sipendi kitu kinachobana. Nguo ya Mama huwa naikata na ziada ya kiganja ili akiinama apumue, basi na jiko lake nimelipima hivyo hivyo. Kila kipimo unachokiona humu nimekiongeza: ukuta, meza, rafu, hata fremu ya mlango. Nikasema moyoni, kama nyumba ni mpya kwa nini ibane kama ya zamani? Umri wote amepita jikoni ubavu ubavu. Safari hii apite kifua mbele.

Mlango tumeung'oa na umeshapanda lori. Dereva aliuliza kama tunahama. Mama akamjibu, "Hatuhami, ndiyo kwanza tunajiandaa kukaa." Mahali pake nimetundika shuka la zamani. Kuku wa jirani anaingia na kutoka kama mpangaji, lakini ni kwa muda tu.

Rafu ya vyombo ameigawa. Amesema rafu mpya inakuja.

Ndugu yako,
Kiraka


Tarehe 16 Machi

Kiraka,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, ila nimekonda. Kazi imenishika koo. Mama, shikamoo, shali niliyotuma ni ya kujifunika asubuhi, usiifungie sandukuni ukisubiri wageni.

Vipimo vilifika, rangi zilifika, mlango ulifika salama. Seremala wetu aliuzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema aliyeutengeneza alikuwa na misumari mingi kuliko mbao.

Nina maswali machache zaidi. Mama akisimama kuosha vyombo, anaegemea upande gani? Jua la asubuhi likiingia jikoni linagusa nini kwanza? Masizi ya juu ya jiko ni meusi kabisa, au yana ukahawia? Na bati lile lililolegea, upepo ukivuma hulia mara moja au hurudiarudia? Nijibu upesi, tafadhali.

Samahani kwa ufupi. Wananiita.

Chaki


Tarehe 22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tunashukuru Mungu, tunaamka. Mtoto wa kati ameota jino juu ya jino, wifi yako amemwambia ni kwa sababu ya maneno mengi.

Shali Mama anaivaa. Anaivaa kwa sababu anasikia baridi. Mvua imeanza, Dada, na haikuuliza mafundi wamefikia wapi. Shuka la mlangoni limelowa mpaka limekuwa zito kama mzoga. Maji yanaingia jikoni yakiwa wima, hayapiti tena kwenye bati peke yake, yanapita mlangoni kama mtu mwenye nyumba. Mama alishikwa na kikohozi, nikamwomba ahamie kwangu. Amekataa. Anasema mafundi wakija wakamkosa watasema mwenye nyumba hayupo, warudi zao. Kila lori likipunguza mwendo barabarani anachungulia.

Maswali yako nimejaribu kuyajibu, ingawa sijawahi kusikia fundi wa ujenzi anayetaka kujua Mama anaegemea upande gani. Anaegemea kushoto, kwa sababu ya goti. Jua hugusa kwanza birika. Masizi yana ukahawia. Bati hulia, hutulia, halafu hulia tena wakati umeshasahau. Mama aliniuliza kwa nini unataka kujua mambo ya bati wakati bati lenyewe litatolewa. Nikamwambia wataalamu wana mambo yao.

Mafundi wanakuja lini? Nitajie mwezi tu, siku nitaitafuta mwenyewe.

Kiraka


Tarehe 3 Juni

Kiraka mdogo wangu,

Nawasalimu kwa furaha kubwa! Mama, shikamoo, mwanao ametajwa!

Ule mchezo niliokwambia umefunguliwa na watu wanajaa kila siku. Ni hadithi ya mjane anayelea watoto wake, wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anaimba wimbo wake mlangoni. Na sasa nimeteuliwa kushindania Tuzo ya Mandhari Bora ya Jukwaa. Kila mwaka kuna tuzo za walioimba, waliocheza, waliotunga, waliopiga kinanda. Sisi tunaojenga kuta tuna moja tu. Wakongwe wa kazi hii wamezeeka bila kutajwa, nami nimetajwa. Nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi nikalia mbele ya mlinzi.

Kuhusu mafundi, wamebanwa na kazi nyingine. Kuweni na subira kidogo. Mwekeeni Mama kitu kizito zaidi pale mlangoni.

Chaki


Tarehe 27 Juni

Chaki,

Barua hii haina shikamoo. Haina habari za watoto wala za wifi yako. Wote wazima, hilo linatosha.

Wiki hii alikuja mteja na gazeti la picha. Alitaka nimshonee gauni kama la mwimbaji mmoja, la kijani, lenye mikunjo begani. Akafungua ukurasa anionyeshe mikunjo. Mimi sikuiona mikunjo. Nyuma ya gauni niliona mlango wetu. Mlango wa buluu wa jikoni, na chini ya komeo yale maandishi ya kreti yaliyosimama kichwa chini, maana Baba alijali mbao, maandishi hakuyajali. Nikaivuta taa. Nikaona meza ya Mama. Nikaona birika mahali jua linapoligusa. Nikaona masizi, Chaki, na yana ukahawia.

Mteja akauliza, "Fundi, utaweza?" Nikamwambia sijui.

Nilimwomba aniachie gazeti. Mle ndani umeulizwa kwa nini nyumba yako ya jukwaani inamfanya mtu mzima aonekane kama mtoto, kitu ambacho majaji wamekisifia kuliko vyote. Nawe ukajibu hivi, nayanukuu maneno yako usije ukayakana: "Nilikikuza kila kitu kidogo, makusudi. Meza imeinuka kidogo, rafu iko juu kidogo, ukuta umesogea. Ndivyo tunavyoikumbuka nyumba tuliyokulia. Wazo hilo lilinijia mwenyewe, nikiwa peke yangu."

Peke yako!

Ile ni ziada ya kiganja, Chaki. Ni ziada niliyomwachia Mama. Niliiandika kwenye barua kwa mkono wangu, na nikakueleza kwa nini. Nilimwachia nafasi ya kupumua, wewe ukaingia humo na waimbaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi nguo mzima nimeshindwa kukiona mpaka nilipoletewa gazeti.

Mama anakohoa nyuma ya shuka. Mlango wake unapigiwa makofi na watu waliokata tiketi.

Sijamwambia kitu. Nataka unijibu swali moja tu: ulipoandika ile barua ya Januari, kulikuwa na mafundi wowote?

Ndugu yako, kwa bahati mbaya,
Kiraka


Tarehe 15 Julai

Kiraka,

Natumaini Mama anaendelea vizuri na kifua. Nimetuma dawa, mpe asubuhi na jioni.

Umeandika kama mtu aliyeibiwa. Mimi sikuiba. Nyumba ile nami nimekulia ndani yake, nami nilipita mlango ule ubavu ubavu. Mwongozaji wetu alitaka jiko ambalo watu wakiliona tu, kabla nyimbo hazijaanza, koo ziwakauke. Mimi ninalo moja tu la namna hiyo. Ningewaandikia kwamba nataka kulipandisha jukwaani, mngekubali? Mama angekubali watu wakate tiketi wakaangalie masizi yake? Wewe unajua jibu, usijifanye.

Hilo la ziada ya kiganja, nitakueleza lilivyokuwa. Barua yako ya Januari sikuisoma yote. Niliruka mpaka kwenye vipimo, nikampa seremala, nikaenda kwenye mkutano. Jiko likajengwa. Siku ya kuupachika mlango, seremala akaniita akicheka: mlango ulikuwa mdogo kuliko fremu yake. Akasema kuna mtu hajui kupima. Hapo ndipo nilipoitoa barua mkobani nikaisoma kuanzia juu. Niliposimama mbele ya ile meza, ukingo wake ulinifikia mahali ulipokuwa ukinifikia nikiwa binti mdogo. Seremala akauliza, "Tulivunje tulipime upya?" Nikamwambia aongeze mbao pembeni mwa mlango, kitu kingine asikiguse. Kwa hiyo ndiyo, nilijua ni wewe. Nani mwingine duniani hukata kila kitu kipwaye?

Lakini ingekuwaje, Kiraka? Nisimame mbele ya waandishi niseme uzuri wa kazi yangu umetoka kwa mdogo wangu fundi cherehani aliyekosea? Wangecheka, halafu tuzo wangempa mwingine. Ningekuwa nimeyatupa maisha yangu yote kwa sababu ya kiganja.

Swali lako la mwisho sitalijibu kwa barua.

Sherehe za tuzo zitaonyeshwa kwenye televisheni katikati ya Agosti. Ninakuomba, kama una huruma nami hata kidogo, Mama asiangalie.

Chaki


Tarehe 20 Agosti

Chaki,

Nilijitahidi. Jioni ile nilimwambia Mama aje kwangu ajaribu gauni. Akaja, akajaribu, akasema linapwaya vizuri. Nilikuwa nimezima televisheni na kuigeuza iangalie ukuta kama mtoto aliyekosa adabu. Lakini unawajua majirani zetu. Mama mwenye duka alikuja mbio, viatu mkononi: "Jamani, njooni, binti yenu yumo kwenye televisheni!" Ningemzuia kwa neno gani? Niseme nini, kwamba Mama hataki kumwona mwanawe?

Tulikaa dukani kwake, Mama kwenye kiti cha mbele, wengine juu ya makreti ya soda. Wakataja jina lako. Duka zima likalipuka kwa vigelegele, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga makofi. Ukapanda pale juu, umependeza. Wakaonyesha jukwaa.

Mama alisimama. Akasogea mpaka akakaribia kuigusa televisheni kwa pua. Niliona kidole chake kikipita juu ya kioo, kikienda kwenye meza, kwenye birika, kwenye mlango. Nikasubiri alie. Nilikuwa tayari kwa kilio. Akageuka, uso wake wote unacheka, akaniambia, "Kumbe ameshamaliza kujenga! Na amekumbuka kuipanua. Sasa tunahamia lini?"

Watu wa dukani walicheka, wakidhani anatania. Mimi namjua Mama akitania.

Na wewe wakati huo ulikuwa unashukuru. Ulimshukuru mwongozaji. Ulimshukuru seremala. Halafu ukaweka mkono kifuani ukasema unaishukuru kumbukumbu yako, ambayo ilikupimia kila chumba. Hiyo kumbukumbu yako, Chaki, ina futi shingoni, ina mke na watoto watatu, na usiku ule ilimshika mama yake mkono ikamrudisha nyumbani kwenye tope. Sikujua kama mtu anaweza kumkana ndugu yake huku anatabasamu vizuri namna ile.

Asubuhi nilimkuta amefunga vyombo. Amevifunga kwa ile shali yako. Nikakaa naye juu ya ndoo zilizofunikwa, nikamweleza yote: kwamba ile nyumba ni ya mbao nyembamba, kwamba nyuma ya ukuta hakuna ukuta, kwamba moto wake ni taa, kwamba mchezo ukiisha wataivunja. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mwisho akauliza kitu kimoja. "Yule mwanamke anayeimba jikoni kwangu, anaegemea kushoto?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Anaegemea kushoto.

Akaanza kufungua vyombo, akavirudisha kimoja kimoja sakafuni, maana rafu alishaigawa.

Kiraka


Tarehe 12 Septemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na kila mtu huko nyumbani.

Mchezo umekwisha. Walikuja watu na nyundo, na kabla ya chai ya asubuhi jiko lilikuwa rundo la mbao nyuma ya jengo. Nimevunja majukwaa mengi katika kazi hii na sijawahi kugeuka nyuma kuangalia. Hili nililiangalia mpaka mwisho. Mlango niliutoa mwenyewe, nimeufunga kwa blanketi, uko njiani.

Na mafundi wanakuja, Kiraka. Mafundi wa kweli. Nimeshakubaliana nao kila kitu, watafika kabla ya mwisho wa Oktoba, watajenga jiko na korido na chumba cha mbele kwa vipimo vyako, na ziada yote. Umeniuliza kama walikuwepo Januari. Wapo sasa.

Tuzo nimeiweka juu ya friji. Ni kitu kidogo, kizito, friji likitetemeka nayo inatetemeka. Wageni wakija naishusha.

Mama hapokei simu. Nimetuma barua mbili zenye jina lake, sijaona jibu. Unamsomea? Anasema nini? Niambie tu anachosema, hata kama ni matusi.

Dada yako,
Chaki


Tarehe 30 Oktoba

Dada,

Mama amesema siwezi kukuandikia bila kukuamkia, kwa hiyo shikamoo. Watoto wazima, wifi yako mzima, kikohozi cha Mama kimepoa. Bati na ukuta wa korido nimeziba mwenyewe. Mimi si fundi wa ujenzi na inaonekana, lakini hapavuji.

Barua zako mbili nilimsomea. Aliziweka mezani. Chini ya mto hakuziweka.

Mafundi wako walifika, wapole, wana vifaa vizuri. Mama aliwakaribisha, akawapa viti, akawachemshia chai. Walipomaliza kunywa, kiongozi wao akatoa karatasi ya vipimo akauliza waanzie wapi. Mama akawaambia, "Wanangu, poleni na safari. Nyumba yangu ilishajengwa, niliiona kwa macho yangu, na watu wote waliisifu. Hamkuambiwa?" Wakaniangalia. Nikakusanya vikombe. Aliwasindikiza mpaka barabarani, na goti lake lile.

Mlango umefika wiki hiyo hiyo. Umekuja safi, wameupaka rangi upya, buluu ya kung'aa. Niliubeba na jirani tukauinua kwenye fremu. Haukuingia. Tukaugeuza, haukuingia. Ndipo nilipokumbuka seremala wako alivyouongezea mbao pembeni ili utoshe kwenye nyumba yako. Mlango aliotengeneza Baba kwa ajili ya fremu ile umekuwa mkubwa kuliko fremu ile, na ukitafuta aliyesababisha utanikuta mimi na kiganja changu. Nilicheka, Dada. Nilikaa kizingitini nikacheka mpaka jirani akaondoka kwa aibu.

Nikachukua msumeno. Zile mbao za pembeni zingetoka upesi tu. Mama akaja akaniwekea mkono begani. "Acha," akasema. "Usiukate."

Sasa umeegemezwa ukutani, upande wa nje. Kuku wa jirani analala nyuma yake. Kwenye fremu nimetundika pazia jipya nililolishona kwa kitambaa kizito, na safari hii nimekata kwa kipimo chenyewe, sikuongeza kitu.

Umeniomba nikwambie anachosema. Nilimuuliza jana, nikiwa nimeshika kalamu, aniambie neno lolote nikuandikie. Ninayaandika kama alivyoyasema, sijapunguza wala kuongeza:

"Mwambie mwanangu nimeupokea mlango. Ni mzuri. Lakini huo ni wa nyumba yake. Wangu nilimpa Januari, na bado nausubiri."

Kiraka